Gari la kwanza la mhasibu: uchambuzi wa kisa kimoja cha kununua kwa kuuliza waliotangulia

Majina, mahali pa kazi, namba za magari na tarehe vimeondolewa. Bei zimeandikwa kwa makadirio ya karibu. Modeli moja ya gari nimeacha kuitaja kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele.

Usuli

Mnunuzi, tumwite Bi. N., ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo katika mji mmoja mkoani Iringa. Alikuwa na leseni ya miezi sita na hakuwahi kumiliki chombo chochote cha moto. Alikuwa na shilingi milioni 14: milioni 8 akiba yake, zilizobaki mkopo wa chama, unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka miwili. Gari likilala gereji mwezi mzima, makato hayalali. Ndiyo maana hakuwa akitafuta gari zuri wala la kisasa. Alitaka lisilomsumbua.

Matumizi yake yalikuwa matatu. Kazini na kurudi, kilomita 9 kwenda, nusu yake vumbi. Kijijini kwa mama yake, kilomita kama 60, ambako kipande cha mwisho ni udongo mwekundu unaoteleza kuanzia Desemba hadi Aprili. Na Dar es Salaam mara mbili au tatu kwa mwaka, kilomita kama 500, maana yake kushuka mlima Kitonga na kuupanda tena.

Nimeingia kwenye kisa hiki kwa sababu huwa ninaitwa kukagua magari kabla ya kununuliwa. Huyu aliniita gari likiwa limeshanunuliwa, akaja na kauntabuku yake ya kumbukumbu. Kauntabuku hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Alivyouliza

Alianza kwa kuuliza kazini, kama tunavyoanza wote, na majibu yakamchanganya. Mmoja alimwambia asiguse gari lenye gia za CVT, aina mojawapo ya otomatiki. Mwingine akasema Toyota tu, mengine yote vimeo. Wa tatu akamwambia aagize Japani kwa sababu gari za Bongo zimechoka. Wa nne akasema afadhali ya Bongo, walau ugonjwa wake umeshajitokeza. Kila aliyeulizwa alisifia gari lake mwenyewe au lile analolitamani. Hilo halishangazi: hakuna anayependa kukiri mbele ya wenzake kwamba milioni zake kumi na tano zilikwenda kwa kimeo.

Bi. N. akafanya anachokijua. Alichora safu kwenye kauntabuku na kumuuliza kila mtu maswali yaleyale. Gari gani, na injini gani? Umekaa nalo muda gani? Ni lako au umesikia kwa mtu? Limewahi kukuacha wapi? Ulibadilisha nini, kwa shilingi ngapi? Spea uliipata wapi, baada ya siku ngapi? Na la mwisho: unaliuza?

Swali la tatu peke yake lilifuta karibu nusu ya ushuhuda. Yule aliyesema magari ya CVT ni balaa hakuwahi kuliendesha hata moja. Shemeji yake ndiye aliyekuwa nalo. Swali la mwisho nalo lilifuta wengine, maana waliolisifia gari lao kwa bidii kuliko wote walikuwa wanatafuta mteja. "Dada, hiyo ni wewe na mafuta yako tu," mmoja alimwambia, na pembeni ya maneno hayo ameandika kwa kalamu nyekundu: *anauza*.

Baada ya hapo akaanza kutafuta watu badala ya kuwangoja. Katika orodha yake tayari lilikuwamo Toyota IST la kizazi cha kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Kijana wa duka la spea alimwambia kwamba injini ya IST ya cc 1500, 1NZ-FE, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Probox, Raum, Spacio, Vitz ya cc 1500 na Corolla za miaka hiyo. Probox katika mikoa mingi ndiyo michomoko, zile gari ndogo za abiria zinazojaza watu na magunia na kwenda kusikofika basi. Bi. N. akaenda stendi kuongea na madereva wa mchomoko.

Sijaona uamuzi wa akili kuliko huu katika visa vya namna yake. Mwenye gari la kutembelea anakwenda kilomita elfu kumi kwa mwaka na kukuambia gari "halina shida". Dereva wa mchomoko anazimaliza hizo ndani ya miezi michache, akiwa na mzigo unaozidi kiwango cha sheria, kwenye barabara ileile anayopita Bi. N. kwenda kwa mama yake. Halafu hana haja ya kumpendezesha mtu. Gari ni la tajiri, yeye anataka hesabu ya siku itimie. Waliyomwambia yalifanana: injini inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna ule mkanda wa kubadilisha kila kilomita laki moja, haina makuu mradi oili ibadilishwe kwa wakati, kinachokufa ni miguu, yaani bushi, stebilaiza linki, shokapu na beringi. Mmoja wao, mzee mwenye Probox iliyobadilishwa rangi mara mbili, aliongeza jambo ambalo hakuulizwa: "Hizi injini haziui mtu, ila joto linaziua zenyewe. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, mwanangu, zima hapohapo. Usiseme nifike pale kwenye kivuli."

Bi. N. aliliandika kama lilivyo.

Orodha ilivyopungua

Alikuwa na magari manne kichwani. Passo ya cc 1000 ilitoka mapema. Wenye nayo mjini waliisifu kwa mafuta, ila wawili waliopanda nayo milima wakiwa na abiria wanne walitumia maneno yanayofanana sana na malalamiko. Corolla ya miaka ya tisini ilitoka kwa umri tu. Zikabaki mbili: IST, na SUV ndogo ya Kijapani ya cc 2000 yenye gia za CVT, iliyoinuka kidogo, ya miaka ya karibuni zaidi, na ambayo kwa soko la wakati ule ilikuwa ikipatikana kwa bei isiyoachana sana na IST safi. Hilo peke yake lingemshitua mtu. Gari kubwa na jipya zaidi likiuzwa kwa bei ya gari dogo la zamani, soko lina jambo linalolijua.

Alipowabana wenye SUV hizo, hadithi ikawa nyingine. Waliofanyiwa visa na gia boksi walipoulizwa walikuwa wanaweka oili gani, wengi walijibu "ya kawaida tu ya otomatiki" au "hiyo sijawahi kubadilisha". CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaobana kwenye puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiiwekea oili ya gia boksi ya kawaida unaanza kuila polepole. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "CVT ni balaa" ilikuwa habari ya matunzo.

Pamoja na hayo Bi. N. aliiacha, na ninaona alikuwa sahihi. Angekuwa ananunua gari jipya kiwandani angeweza kusema: mimi nitaweka oili inayotakiwa. Lakini alikuwa ananunua kutoka kwa watu walewale ambao kauntabuku yake ilikuwa inaonyesha hawaweki. Matunzo mabovu yakienea kwa wenye modeli fulani, yanageuka sifa ya modeli hiyo sokoni, hata kama mhandisi aliyeichora hana kosa. Juu yake, mjini kwake hakupata fundi hata mmoja aliyekuwa amefungua gia boksi ya aina hiyo na kuirudisha ikafanya kazi.

IST ya kizazi cha kwanza ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, hatua nne, ambayo kila gereji ya mkoani imeshaifungua. Kuna neno la kuongeza hapa kwa wale wa "Toyota tu". Jina halitoshi. Toyota hiyohiyo ilitoa injini za D-4 za kurusha mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kama 1AZ-FSE, ambazo mafundi wengi wa kwetu wanazikimbia. Na 2AZ-FE za miaka fulani zilijulikana kwa kula oili hadi kampuni ikarefusha dhamana kwa wateja wa Marekani. Bi. N. hakununua jina. Alinunua injini ambayo watu asiowajua, wasiojuana, walikuwa wamemweleza kwa maneno yanayolingana.

Kuagiza Japani alilifikiria na kuliacha kwa hesabu. Gari lenye umri unaozidi miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na Mamlaka ya Mapato (TRA) hukokotoa kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, si kwa risiti ya muuzaji. Kwa gari la 2005 hesabu ilivuka bajeti na kula akiba ya matengenezo. Akiba hiyo, shilingi milioni 1.5, alikuwa ameshaitenga kutokana na yale aliyoambiwa kuhusu miguu. Akaamua kununua lililotumika nchini, na iliyobaki isiguswe.

Ununuzi

Hapa kasi ikabadilika. Kuchagua modeli kulimchukua miezi. Kuchagua gari lenyewe kulimchukua mchana mmoja.

Dalali wa Dar es Salaam alimtumia picha: IST cc 1500, namba ya usajili ya herufi D, rangi inang'aa, dashibodi inasoma kilomita 96,000, shilingi milioni 12.5. Binamu yake aishiye Dar alimtafutia fundi wa kulikagua. Bi. N. alisafiri usiku, akafika asubuhi, akalikuta gari limeshawashwa na AC inapuliza baridi. Fundi akalizunguka, akasikiliza injini, akaangalia oili, akaenda nalo kilomita chache kwenye lami, akasema "ni gari". Baadaye familia iligundua kwamba fundi huyo alipewa cha juu na dalali.

Yako aliyoyafanya vizuri hata siku hiyo. Aliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, akakuta madeni matatu ya shilingi 30,000 kila moja, dalali akayalipa kabla ya kusaini. Alihakikisha namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi. Alikataa ile habari ya "chukua gari, kadi tutabadilisha baadaye", akataka mwenye jina kwenye kadi aje kwa wakili mwenyewe. Akaja. Alikaa pale dakika kumi, akaonyesha kitambulisho, akasaini, akaondoka.

Mtu huyo alikuwa amekaa na gari lile zaidi ya miaka minne. Bi. N. alikuwa ameuliza madereva wa wilaya mbili habari za IST zisizo zake, na huyu mmoja aliyeijua hii yenyewe hakuna aliyemuuliza neno. Walielewana kwa milioni 11.9. Akakata bima ndogo, shilingi 118,000, na kuanza safari kesho yake alfajiri akiwa na binamu yake.

Kitonga

Chalinze, Morogoro, Mikumi, gari halikuonyesha kitu. Katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori la mafuta lililokuwa likipanda mwendo wa mtu, AC imewashwa, jua la saa nane, taa nyekundu ya joto ikawaka.

Binamu akasema wasogee hadi kwenye upana wa barabara uliokuwa mbele kidogo, si mbali. Bi. N. alizima injini palepale, akawasha taa za tahadhari, akatoka kuweka matawi barabarani. Kuna waliompigia honi na kumtukana. Baadaye fundi aliyekuja kwa bodaboda kutoka Ilula alifungua rejeta iliyopoa, na yakatoka maji mekundu ya kutu. Themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kufuatana na joto, haikuwepo, ilikuwa imeng'olewa zamani, kama wafanyavyo mafundi wengi gari likianza kuchemsha, badala ya kutafuta sababu. Mfuniko wa rejeta ulikuwa umelegea. Kwa miaka gari lilikuwa limejazwa maji ya bomba, na njia za ndani za rejeta zilikuwa zimeziba kwa tabaka la kutu.

Gari la namna hiyo linaweza kuzunguka Dar mwaka mzima bila kulalamika. Barabara ni tambarare, na bila themostati maji yanazunguka muda wote, kwa hiyo joto halipandi haraka. Mlima mrefu wenye mzigo unahitaji rejeta itoe joto kwa uwezo wake wote kwa dakika nyingi mfululizo, na hapo ndipo iliyoziba inaumbuka. Dereva wa Dar atakayeapa kwamba gari la namna hiyo "halijawahi kuchemsha" huenda atakuwa anasema kweli tupu.

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini na kuungua injini ikichemsha, ilipona. Fundi alisema, na mimi nilipolipima baadaye nilikubaliana naye, kwamba mita mia chache zaidi zingeweza kuwa habari nyingine kabisa. Fundi huyohuyo, akiwa ameinamia boneti, ndiye aliyeona kibandiko cha kubadilisha oili ubavuni mwa kasha la kichujio cha hewa, upande unaotazama nyuma, ambako waosha injini hawafiki. Kalamu imefifia lakini inasomeka: kilomita 151,000. Dashibodi ilikuwa inasoma 96,000 na kidogo.

Mwaka wa kwanza

Bi. N. hakumrudia dalali. Namba ya simu ilikuwa haipatikani, na mkataba uliandikwa "gari linauzwa kama lilivyo". Alichofanya ni kufungua ukurasa mpya na kulichukulia gari kama la kilomita 160,000. Rejeta nyingine, themostati, mfuniko na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, vilimgharimu shilingi 310,000. Shokapu za mbele na stebilaiza linki, pamoja na ufundi, 260,000. Maunti, yaani raba zinazoishikilia injini, 95,000. Tairi mbili 240,000. Oili na kichujio kila kilomita 5,000, mara nne, 300,000. Jumla milioni 1.2 na kidogo, ndani ya ile milioni 1.5 aliyoitenga. Ukiondoa rejeta, kila kilichokufa kilikuwa tayari kimeandikwa kwenye kauntabuku na madereva wa mchomoko, hata bei walizotaja hazikupishana sana na alizolipa. Spea zote zilipatikana mjini kwake siku hiyohiyo au ya pili yake. Tangu Kitonga gari halijamwacha njiani.

Gari la jirani yake

Kisa hiki kingekuwa chepesi kama kingeishia hapo. Wakati Bi. N. anatafuta, kijana wa ofisi ya jirani alinunua ile SUV ya CVT ambayo kila mtu alimkataza. Aliinunua kwa bosi wake aliyekuwa anastaafu, akapewa na bahasha ya risiti: oili ya CVT yenyewe, ikibadilishwa kila kilomita elfu 40, gereji ileile, miaka sita. Gia boksi haijamsumbua hadi leo. Mara moja alingoja sensa kutoka Dar kwa siku kumi na moja, akipanda bajaji kwenda kazini, na anajua siku akiliuza atapata hasara kuliko mwenye IST. Lakini kwa mwaka ule wa kwanza, gari "baya" lilitulia kuliko gari "zuri".

Hii ndiyo sababu ya kuficha jina la modeli. Ningeitaja, nusu ya wasomaji wangeishika hiyo na kuacha mengine.

Uchambuzi: ushuhuda ulifanya nini

Ushuhuda wa madereva ulimpa Bi. N. vitu vitatu vyenye thamani, na hakuna kati yake kilichotoka kwa wanaosifia. Cha kwanza ni orodha ya vitakavyokufa na bei zake, iliyomwezesha kutenga fedha kabla. Wanunuzi wengi wa gari la kwanza hutumia shilingi ya mwisho kwenye gari lenyewe, kisha shokapu ya kwanza inawakuta mifuko mitupu, na hapo gari zima linaitwa kimeo. Cha pili ni ramani ya mafundi na spea za mahali pake. Tunaposema gari fulani halisumbui, mara nyingi tunasema kwamba likiharibika, kuna mtu wa karibu anayelijua na duka lenye kifaa chake. IST moja ni gari imara Iringa na ingekuwa usumbufu mtupu katika nchi ambako haikuwahi kuuzwa. Cha tatu ni lile neno la mzee wa Probox. Hilo halikuhusu ubora wa gari hata kidogo. Lilihusu la kufanya likiharibika, nalo ndilo lililookoa injini.

Wasomaji watatu wanaotafuta gari wameniandikia wakiuliza wachukue IST au ile SUV. Kwao, swali la kwenda nalo kwa mwenye gari ni "lilikuacha wapi, na ulifanyaje?" Swali hilo halijibiki kwa sifa.

Ushuhuda una mipaka ya mahali pia. Dereva wa Dar anapambana na foleni na chumvi ya pwani. Wa Nyanda za Juu anapambana na miinuko na asubuhi za baridi. Wakizungumzia modeli moja, kila mmoja anaeleza maisha mengine. Bi. N. alilijua hili aliposikiliza watu wa barabara zake mwenyewe. Alilisahau aliponunua gari lililoishi pwani na kulipima kwenye tambarare ya pwani.

Uchambuzi: palipovunjika

Kosa la Bi. N. halikuwa uvivu. Alikuwa amefanya kazi kubwa sana kuhusu modeli, na kazi ile ikampa utulivu uliovuka mpaka wake. Alipofika Dar aliona anakwenda kuchukua IST, kitu ambacho ameshakichunguza, wakati gari lililokuwa mbele yake hakuna aliyekuwa amelichunguza. Ushuhuda wa watu ishirini kuhusu modeli hauwezi kusema lolote kuhusu rejeta ya gari moja.

Tukio lililonisumbua zaidi nilipolisikia ni zile dakika kumi kwa wakili. Mwenye gari aliletwa kusaini, akiwa ameshalipwa au anakaribia kulipwa, hana tena sababu kubwa ya kuficha. Maswali yaleyale ya kauntabuku yangetosha. Umebadilisha nini? Fundi wako ni nani? Unaweka nini kwenye rejeta? Limewahi kusafiri mbali? Hata kama angedanganya, jina la fundi wake ni namba ya simu ya kupiga. Dalali anaishi kwa kuwatenganisha muuzaji na mnunuzi hadi dakika ya mwisho, na ndani ya dakika hiyo ya mwisho watu wanaangalia karatasi tu.

Ukaguzi nao ulikuwa na matundu yasiyohitaji ufundi kuyaziba. Injini ilikutwa ya moto. Gari linalonunuliwa liwashwe likiwa baridi, na mfuniko wa rejeta ufunguliwe kabla halijawashwa, uone rangi ya maji. Ungefunguliwa, safari ingeishia hapo au bei ingeshuka. Fundi wa kukagua alipwe na mnunuzi, atafutwe na mnunuzi, na asiwe anafahamiana na dalali. Kilomita zisisomwe kwenye dashibodi peke yake. Raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na vibandiko vya oili husema zaidi. Kwa gari lililoingia nchini karibuni, cheti cha kulisafirisha kutoka Japani huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa lazima, na mwenye gari mtunzaji huwa anayo nakala.

Gari la jirani linaonyesha kitu hichohicho kwa upande wa pili. Kijana yule hakuuliza watu wengi. Alimjua mtu mmoja, mwenye gari lenyewe, na alikuwa na risiti zake. Kati ya modeli inayosifiwa yenye historia isiyojulikana, na modeli inayosemwa vibaya yenye bahasha ya risiti, mimi ningechukua bahasha, mradi nina fundi wake karibu. Sharti hilo la mwisho si dogo. Siku kumi na moja za kungoja sensa ni nyingi kwa mtu ambaye mama yake mgonjwa yuko kilomita 60.

Kuna eneo moja ambalo hakuna dereva angeweza kumsaidia, hata mzee wa Probox. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kifaa chake cha kulipulia kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa waliomo ndani, hasa baada ya miaka mingi ya joto na unyevu. Mamilioni yaliitwa na watengenezaji yarudi kurekebishwa, na Takata yenyewe ilifilisika 2017. Mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka kumi na kukuambia kwa moyo mweupe kwamba halina tatizo, kwa sababu mfuko haujawahi kufunguka. Toyota ya Japani ina ukurasa ambao ukiingiza namba ya chesisi unaonyesha kama gari hilo lina marekebisho yanayodaiwa. Umeandikwa Kijapani, lakini simu inatafsiri vya kutosha. Tuliingiza namba ya Bi. N. pamoja, na gari lake halikuwa na deni.